SAMAKI WA BARIDI NA SHAMBA LILILO CHINI YA MAJI

CHAMA CHA WAVUVI WA UFUO WA MUTARO, KIAMBERE

Kumbukumbu za kikao cha dharura cha kamati kilichofanyika Jumamosi, tarehe 19 Julai 2003, katika banda la mizani. Kikao kilitangazwa kuanza saa nne asubuhi. Kilianza karibu saa tano, Mwenyekiti alipomaliza kuota moto.

WALIOHUDHURIA
Mzee Ndambiri – Mwenyekiti
Bi. Ednah Karimi, mwalimu wa chekechea – Katibu
Bw. Bundi, mzaliwa wa Timau kule Meru, aliyeoa huku – Mweka Hazina
Bw. Kathuri – Mjumbe
Bi. Ciakuthii, mjane wa marehemu Njeru aliyekuwa ndugu yake Bw. Kathuri – Mjumbe
Bi. Wambeti, muuzaji wa samaki wa kukaanga, soko la Karurumo – Mwalikwa

Wanachama wengine walisimama nje wakisikiliza dirishani, jambo ambalo katiba yetu hairuhusu wala haikatazi.

WALIOKOSA KUFIKA KWA UDHURU
Bw. Thuranira – homa ya baridi. (Bi. Wambeti alisema alimwona jana Karurumo akila maandazi kwa afya njema. Katibu ameandika homa kama alivyoombwa.)

KUMB. NA. 1/7/2003: KUFUNGUA

Bw. Kathuri aliomba. Aliombea jua, akaombea samaki, kisha akaombea kwa kirefu watu wenye tamaa ya vitu visivyo vyao. Alipofika hapo Bi. Ciakuthii alisema "Amina" kwa sauti, ingawa ombi lilikuwa bado halijafika mwisho.

Mwenyekiti aliwashukuru wajumbe kwa kufika licha ya hali ya hewa. Alikuwa amevaa koti juu ya sweta, na boshori juu ya kofia.

KUMB. NA. 2/7/2003: BARIDI NA UPUNGUFU WA SAMAKI

Mwenyekiti alieleza kwamba tangu katikati ya Juni wingu limeketi juu ya bwawa na halina dalili ya kuondoka. Huku kwetu Mbeere tumezoea jua la kupasua mawe, na baridi hii ya kila mwaka hutukuta kila mwaka kama wageni. Alisema maji ya kando yamepoa, tilapia wamehama kutoka kwenye majani, na yeye mwenyewe hajapata hata samaki wa mboga. Nyumbani kwake wamerudia ndengu. Bi. Wambeti alisema ndengu si adhabu, watu wamelelewa nazo na wakaota ndevu.

Bw. Bundi aliomba kuelezwa ni baridi gani hasa inayozungumzwa. Alisema kwao Timau mtu huamka akakuta sakitu nyeupe juu ya nyasi na shamba zima la ngano likitetemeka, "na hakuna anayeitisha kikao." Alikuwa amevaa shati la mikono mifupi ili kuonyesha msimamo wake. Katibu aliona mikono hiyo ikiwa na vipele vya baridi kama kuku aliyenyonyolewa, ila hakuona haja ya kusema.

Mwenyekiti aliwaomba wajumbe waeleze kila mmoja anatumia mbinu gani wakati huu. Maelezo yalikuwa kama ifuatavyo.

Bw. Bundi alisema samaki wa baridi huvuliwa alfajiri, giza likiwa bado, kwani ndivyo wanavyofanya kwenye mito ya kwao. Alipoulizwa amepata nini kwa njia hiyo, alisema amepata uzoefu. Alipobanwa zaidi alikubali kwamba amepata pia mzizi wa mti na kandambili moja.

Bw. Kathuri alisema ameacha tilapia, anatega kambare kwa ndoano, na chambo chake ni vipande vya sabuni ya mche, kwa maana kambare anaipenda kuliko nyama. Bi. Wambeti aliinuka bila kupewa nafasi. Alisema sasa anajua kwa nini wateja wake Karurumo wanamuuliza kama samaki wake wameoga. "Nikimweka kwenye mafuta anatoa povu, Kathuri! Povu! Watu wanadhani nafua nguo kwenye karai!" Bw. Kathuri alisema usafi ni sehemu ya ibada.

Mwenyekiti alisema yeye hupiga maji kwa fimbo ili samaki waamke. Bi. Wambeti alimwambia kwa heshima kwamba samaki hawajalala, wamehama, na mtu hagongi mlango wa nyumba isiyo na watu.

Bi. Ciakuthii alikuwa hajasema neno. Mwenyekiti alimuuliza yeye anafanyaje. Alisema anashona mawe madogo kwenye ukingo wa wavu ili uzame hadi chini, anautega jioni na kuuvuta mchana wingu likipasuka kidogo, na kwamba yuko sawa.

"Uko sawa namna gani?" Mwenyekiti aliuliza.

"Sawa tu, Mzee. Nashukuru Mungu."

Bi. Wambeti alisema kwamba wiki zote hizi samaki anaokaanga, wale wasio na povu, wanatoka kwa Ciakuthii peke yake, na kwamba alidhani kila mtu anajua.

KUMB. NA. 3/7/2003: KAMATI KWENDA MAJINI

Bw. Bundi alipendekeza kwamba kabla ya watu kuanza kupandishiana sauti waende wakaone. Pendekezo liliungwa mkono na dirisha lote.

Kwa faida ya Afisa wa Samaki, ambaye ni mgeni na atasoma nakala hii, Katibu anaeleza utaratibu wa ufuo wetu. Maji ya bwawa yalipopanda yalifunika mashamba ya watu wa hapa. Chama kilipoundwa tulikubaliana kwamba kila mtu atatega nyavu zake juu ya shamba la familia yake, palepale lilipokuwa, na mipaka ni ileile ya zamani. Ndiyo maana Afisa atasikia watu wakisema "umeingia kwangu" mahali ambapo haoni kitu ila maji. Asicheke. Sisi tunaona mahindi.

Kamati iliondoka kwa mitumbwi miwili. Mwenyekiti, ambaye ameongoza wavuvi kwa miaka mingi na hajui kuogelea, aliketi katikati akishika kingo zote mbili, na kwa sababu hiyo hakuweza kuonyesha mipaka kwa kidole. Alionyesha kwa kidevu.

Kwanza kamati ilifika kwa Mwenyekiti mwenyewe. Pale palikuwa shamba zuri la baba yake, tambarare, na sasa ni maji mafupi yenye majani. Wakati wa jua hakuna mahali panapozaa kupita hapo. Wavu ulivutwa. Ulikuwa na samaki mmoja wa ukubwa wa kiganja cha mtoto. Mwenyekiti alisema arudishwe majini akakue.

Kisha kamati ilikwenda Shimoni. Hapa zamani palikuwa korongo la mawe ukingoni mwa mto wenyewe. Marehemu Njeru alilima miwa michache kwenye kipande hicho na ngedere wakawa wanakula mingi kuliko yeye. Sasa ndipo penye kina kuliko kwingine kote. Wakati wa jua nyavu za hapo hutoka zimeoshwa tu, na kwa muda mrefu mtu akiambiwa "pole" katika ufuo huu, jibu la mzaha limekuwa "afadhali mimi, sina shamba Shimoni."

Bi. Ciakuthii alianza kuvuta wavu wake. Alivuta, akapumzika, akavuta tena. Bw. Bundi ilibidi amsaidie. Tilapia walikuwa wengi kiasi kwamba mtumbwi uliinama, na wanene, wale wa mgongo mweusi ambao hatujawaona tangu Mei. Bw. Kathuri alikuwa akitafuna majani ya muguka tangu asubuhi. Hapa aliacha kutafuna na mdomo ukabaki wazi. Mwenyekiti aliachia kingo za mtumbwi kwa mara ya kwanza.

"Ngai!" alisema. "Kumbe wote wamekuja huku."

Bw. Bundi alieleza kwamba chini kule, kwenye mkondo wa mto wa zamani, maji hayajapoa kama ya kando, na samaki naye ni kiumbe, anatafuta blanketi. Safari hii hakutaja Timau.

KUMB. NA. 4/7/2003: HOJA YA MWENYEKITI KUHUSU MIPAKA

Kamati iliporudi bandani, Mwenyekiti aliomba nafasi ya kutoa hoja. Alieleza kwamba ameguswa sana na alichokiona. Alisema samaki ni wa Mungu, hawana hati ya shamba, na kwamba si vizuri wanachama wakae njaa huku baraka zimejaa mahali pamoja. Alipendekeza kwamba katika miezi ya baridi mipaka yote iwekwe kando, kila mtu atege anapotaka, kwa upendo.

Bw. Bundi aliuliza kama samaki ni wa Mungu hata Januari. Alikumbusha kwamba Januari hii, jua likiwaka na samaki wote wakiwa kwenye majani ya Mwenyekiti, yeye Bundi, ambaye hana shamba chini ya maji kwa sababu wazee wake walizikwa kwenye mlima, aliteleza na wavu wake hatua chache tu kuingia hapo. Wavu huo ulivutwa, ukafungwa fundo na kutundikwa juu ya mti. Aliuliza upendo ulikuwa wapi siku hiyo.

Mwenyekiti alisema mambo ya Januari ni mengine.

Bi. Wambeti alisema kwamba yeye si mwanachama, ni mkaangaji tu, lakini kwao husemwa usitukane wakunga na uzazi ungalipo. Wanaume wa ufuo huu wamelitukana lile Shimo miaka yote, na sasa wote wamepatwa na uchungu kwa pamoja. Dirisha lilicheka. Mwenyekiti aliomba dirisha liheshimu kikao.

Bi. Ciakuthii alisema hana neno juu ya hoja hiyo ila moja. Kama mipaka inaondoka wakati wa baridi, basi iondoke na wakati wa jua pia, naye Januari atakuja kutega pale kwenye majani ya Mzee, kwa upendo.

Mwenyekiti aliondoa hoja yake. Alisema aliitoa ili kupima mawazo ya wajumbe.

KUMB. NA. 5/7/2003: MADAI YA BW. KATHURI

Bw. Kathuri alisimama. Alieleza kwamba yeye hapingi mipaka, mipaka ni kitu kizuri, na ndiyo sababu anataka ifuatwe sawasawa. Shimo lilikuwa la Njeru. Njeru amekufa. Ameacha wasichana wawili ambao kesho wataolewa na kwenda kwa watu. Kwa hivyo Shimo ni la ukoo, na ukoo ulio hai ndio huu uliosimama mbele ya kikao. Alisema shemeji yake hatafukuzwa, ataendelea kupewa samaki wa kutosha nyumba yake, yeye mwenyewe Kathuri atahakikisha.

Mwenyekiti alisema hoja hiyo ina uzito. Katibu alimuuliza kama ameipima kwa mizani ya banda au kwa macho tu. Mwenyekiti alisema Katibu aandike.

Bi. Ciakuthii aliombwa kujibu. Kwa kuwa alizungumza polepole, Katibu aliweza kuandika maneno yake yote.

"Shemeji, mimi nilikuja kwenu nikiwa msichana, na nimezeeka kwenu. Njeru alipokufa mlikaa pale juu kilimani mkagawa shamba la baba yenu. Wewe ukapata, na ndugu zako wakapata. Nikauliza, na Njeru je? Ukasema, la Njeru ni lile la mtoni. Nikakwambia lile limefunikwa na maji. Ukasema ndilo hilo, nenda ukalime. Mlicheka nyote. Mzee Ndambiri naye alikuwepo, mlimwita awe shahidi, na yeye alicheka mpaka akashika mbavu."

Mwenyekiti alikohoa.

"Tangu siku hiyo mimi sina hata mahali pa kupanda kunde. Wakati wa jua nanunua samaki mikononi mwenu, au naenda kuvuna ndengu za watu. Ni hii baridi tu ndiyo inanipa changu. Ukinitoa Shimoni, Kathuri, umenitoa duniani. Hakuna pengine."

Bi. Wambeti alimpa leso. Katibu anakiri kwamba hata yeye aliacha kuandika kwa muda.

KUMB. NA. 6/7/2003: SUALA LA MBUZI

Bw. Kathuri alisema, kwa sauti ya chini kuliko mwanzo, kwamba maneno ya siku ile yalikuwa ya mzaha. Watu walikuwa wamechoka na msiba, wakataniana. "Nani anaweza kumpa mtu maji aende akalime? Tulikuwa tunacheka tu."

"Nyinyi mlikuwa mnacheka," Bi. Ciakuthii alisema. "Mbuzi wangu hakucheka."

Bw. Bundi aliomba kueleweshwa habari ya mbuzi. Bi. Ciakuthii alieleza kwamba siku ile, katika kumcheka, Bw. Kathuri alimwambia kama amekubali shamba lake basi alete mbuzi kama anavyoleta mtu yeyote anayekabidhiwa shamba. Alikuwa na mbuzi jike mmoja, mwenye mimba. Alikwenda nyumbani akamleta. Walidhani atamrudisha, lakini hakumrudisha. Wakaona nyama ni nyama, wakamchinja na kumla.

Wajumbe walitazamana. Hakuna mtu wa huku asiyejua maana yake. Neno la shamba linaweza kugeuzwa leo na kesho, lakini mbuzi akishaliwa mbele ya shahidi halirudi mdomoni tena. Bw. Bundi alisema hata kule Meru ni hivyohivyo, na hilo ndilo jambo la kwanza ambalo Meru na Mbeere wamekubaliana katika banda hili tangu waanze kubishana kuhusu miraa yao na muguka wetu.

Bw. Kathuri alisema mbuzi yule alikuwa amekonda.

Katibu alieleza kwamba kwa mujibu wa katiba, Mwenyekiti akiwa shahidi katika jambo hawezi kuliongoza. Mwenyekiti aliuliza katiba inasema hivyo wapi. Katibu alimwonyesha. Mwenyekiti aliuliza nani aliandika jambo kama hilo. Katibu alimwambia ni yeye Mwenyekiti, mwaka ule alipotaka kumtoa mwenyekiti wa zamani.

Bw. Bundi alikalia kiti. Mzee Ndambiri alishuka akaketi juu ya mtungi wa maji uliogeuzwa, na kwa namna fulani alionekana mdogo ndani ya koti lake. Aliulizwa maswali na kuyajibu.

Alikuwepo? Alikuwepo.

Mbuzi aliliwa? Aliliwa.

Yeye alikula sehemu gani? Alisema mbavu. Baada ya Bi. Ciakuthii kumtazama, alisema mbavu na ini.

Aliulizwa kama kulikuwa na maneno ya baraka, kwa maana makabidhiano hayakamiliki bila baraka ya mzee. Mzee Ndambiri alivua boshori, akavua na kofia ya chini yake. Alisema ndiyo, yeye ndiye aliyebariki. Alijitemea mate kifuani kama desturi ilivyo, akamtemea na mama huyu kidogo mikononi, na Kathuri na ndugu zake walikuwa nyuma yake wakijiziba midomo kwa kicheko, naye pia kicheko kilikuwa kimemshika kooni.

"Ulisema nini, Mzee?" Bw. Bundi aliuliza.

"Nilisema, ulichopewa na kikuzalie."

Kisha Mzee Ndambiri alisema, kama mtu anayejisemea mwenyewe:

"Na sasa kimezaa. Mimi nilitamka kwa kucheka, lakini Mungu alisikia maneno, hakusikia kicheko. Siwezi kwenda kutega nyavu juu ya baraka yangu mwenyewe. Nitaambia nini watu? Mama Ciakuthii, nimekosa. Shimo ni lako."

Katibu anaandika wazi kwamba alimpenda Mwenyekiti wakati huo, na anatumaini haitatokea mara nyingi.

KUMB. NA. 7/7/2003: UAMUZI

Bw. Bundi, akiwa bado kitini, aliwaomba wanaokubali kwamba Shimo ni la Bi. Ciakuthii wasimame upande wa mizani. Mzee Ndambiri alikwenda wa kwanza. Katibu alikwenda. Bi. Wambeti naye alikwenda, akakumbushwa kwamba hana kura, akasema atasimama tu kwa ajili ya joto. Bw. Bundi alijihesabu akiwa amekaa. Dirisha lilipiga makofi bila kuulizwa.

Bw. Kathuri alibaki mahali pake. Alipoulizwa kama anapinga, alisema magoti yanamsumbua kwa sababu ya baridi. Ikaandikwa kwamba hakupinga.

Iliamuliwa ifuatavyo:

Mipaka ibaki ilivyo, wakati wa jua na wakati wa baridi.

Mahali panapoitwa Shimoni paandikwe kwa jina la Ciakuthii mwenyewe, bila neno "mjane wa," na baada yake ni pa binti zake wote wawili, waolewe wasiolewe.

Mwanachama anayetaka kutega Shimoni katika miezi ya baridi aende kumwomba mwenyewe kwa mdomo wake, asitume mtoto.

Sabuni isitumike tena kama chambo katika ufuo huu. Hili lilipendekezwa na Bi. Wambeti na likapita hata kabla halijaungwa mkono.

KUMB. NA. 8/7/2003: MENGINEYO

Mzee Ndambiri alirudishiwa kiti. Jambo lake la kwanza lilikuwa kumuuliza Bi. Ciakuthii, kwa mdomo wake mwenyewe kama uamuzi unavyotaka, ikiwa anaweza kutega wavu mmoja pembeni kabisa mwa Shimo kuanzia Jumatatu. Bi. Ciakuthii alisema atafikiria. Alimwambia Mzee akae kwanza kidogo na zile ndengu, zina nguvu.

Bw. Bundi alitoa taarifa kwamba ameazima sweta ya mkewe na angependa jambo hilo lichukuliwe kama la kawaida.

Mwenyekiti alipouliza kama kuna mwingine, Bw. Kathuri aliinua mkono. Alikuwa ameutema muguka wake. Alieleza kwamba amesikia yule kijana aliyekuwa akimpigia shemeji yake kasia amekwenda Mwea kutafuta kazi ya mpunga. Alisema mtumbwi ule wa marehemu ni mzito, na upepo wa Shimoni si wa kuchezea. Alisema kwake yeye nyavu ziko tupu na mikono haina kazi. Alizunguka hivyo kwa muda mrefu hadi Mwenyekiti akamwomba aseme anachotaka kusema.

"Nasema, kama anakubali, nitampigia kasia. Sitaki kulipwa. Njeru alikuwa ndugu yangu."

Mwenyekiti alimwomba Bi. Ciakuthii ajibu. Alikaa akimtazama shemeji yake. Katibu hajui alikuwa akimwona yeye au akimwona marehemu, maana wale ndugu wawili walifanana sana usoni.

"Aje kesho kutwa, wingu likipasuka," alisema. "Atakaa nyuma pale alipokuwa akikaa Njeru. Nyavu nitatupa mimi."

Bw. Kathuri aliinamisha kichwa.

"Sawa," alisema. "Sawa, mwenye shamba."

Kwa kuwa hapakuwa na la kuongeza, na kuni zilikuwa zimekwisha, watu walitawanyika saa tisa alasiri.

Imesomwa na kukubaliwa kuwa ndivyo yalivyosemwa, pamoja na yale ambayo wenyewe wangependa yasingesemwa:

Ndambiri ……………………… Mwenyekiti

Ednah Karimi ……………………… Katibu